Mume wa Kuazima Agoma Kurudishwa

Mlango wa chumba ulikuwa unapigwa ngumi, na Makame ameshika kitasa, hajui afungue au aruke dirishani. Juma lililopita tulimwacha hapo hapo, jasho linamtoka katika baridi ya Lushoto. Leo amefungua.

Alikuwa Seifu.

Si Seifu yule mnayemjua Msambweni, anayetembea kama bata aliyeshiba. Huyu alikuwa amevaa koti la sufu aliloachiwa na Mzungu, linamfika mpaka kwenye vifundo vya miguu, na pua inamchuruzika. Nyuma yake alisimama Abdulkadir, shemeji yake wa zamani, amemshikia kofia. Kazi yake ni hiyo. Mungu amempa mikono miwili, yote ya kushika vya watu.

"Mke wangu yuko wapi?" Seifu akauliza.

"Mke wako yupi?" akasema Makame. "Humu ndani mna mke wangu tu."

Kwa aliyekuwa amelala majuma yote haya, na kwa yule ambaye gazeti lake lilifungiwa papa kabla hajalisoma, nitaeleza upesi.

Seifu ni karani. Bendera ilipobadilishwa na Mzungu akafunga virago, Seifu alirithi kiti, koti, kiko na gari kuukuu. Akili haikuachwa. Kazi yake ni kutoa vibali vya ngoma: bila mhuri wake, harusi haipigi hata debe.

Siku moja aliwaalika Wazungu chakula, akataka kula embe kwa kisu na uma. Embe likamponyoka, likaruka, likatua kifuani mwa bibi wa Kizungu. Mkewe Mwanamkuu akacheka. Kwa kicheko hicho, Seifu akampiga talaka tatu kwa mpigo, pale pale mezani, wageni wanatafuna.

Asubuhi akakumbuka shamba. Lile shamba la minazi la Diani, la ufuoni, ni la Mwanamkuu, aliachiwa na babake. Na Seifu alikuwa amekwisha kumwahidi Mzungu mmoja kwamba atajenga hoteli pale. Mwanamkuu akiondoka, shamba limeondoka.

Sasa, mke aliyeachwa kwa tatu harudiwi mpaka aolewe na mwanamume mwingine, kisha aachike. Seifu akatafuta mume wa kuazima, na akamtaka asiyetamanika. Akampata Makame wa Kombani, mpiga zumari, mrefu kama mlingoti, masikio yamesimama kama ya punda, mtu aliyepuliza harusi za watu wote na yake hakuiona. Eda ilipokwisha, Abdulkadir akamwoza dada yake, naye dada akakubali kwa shingo upande, maana kaka hana pa kula ila kwa Seifu.

Wakapelekwa hotelini Lushoto, mbali, ng'ambo ya mpaka. Ni mji wa milimani uliojengwa na Wajerumani waliokuwa wakilikimbia jua. Paa za vigae, mawaridi, kengele ya kanisa, na kimya kikubwa hata majogoo wake huwika kwa adabu. Hapo hapana mtu wa Msambweni wa kuona. Fungate, kisha talaka, kisha mali irudi kwa mwenyewe.

Na Makame alionywa: "Utalala chini, karibu na moto. Ukimgusa, hiyo zumari naikanyaga."

Ndipo juzi mwalimu mmoja wa dini akamwambia Seifu kwamba ndoa ya kulala chini haihalalishi kitu, na kwamba kuipanga ndoa namna hiyo ni laana. La laana hakulisikia. Alisikia "haihalalishi", akarukia gari.

Haya, turudi mlangoni.

"Niambie kweli," Seifu alisema, sauti ameishusha. "Umelala wapi siku zote hizi?"

"Chini, Bwana Seifu. Karibu na moto. Kama ulivyoniamuru."

Seifu akajishikiza kwenye ukuta. "Siku zote?"

"Mimi mtu wa kusikia amri."

"Hujamgusa hata kidogo?"

"Nilimshika mkono tulipokuwa tukishuka kijito. Palikuwa na utelezi."

"Mkono hautoshi!" akafoka Seifu. "Mpumbavu wewe! Nimekupa mke ukashika mkono?"

Kicheko kikatoka ndani. Mwanamkuu alikuwa ameketi dirishani, amejitanda leso juu ya leso, anakula matunda ya huko machachu kwa chumvi.

"Bwana Seifu," akasema, "umeupanda mlima wote huu kuja kulalamika kwamba sikuguswa?"

"Nyamaza wewe! Nafanya haya kwa ajili yako."

"Kwa ajili ya minazi yangu."

"Dada," Abdulkadir akadakia, "usituaibishe mbele za watu."

"Wewe shika kofia, mwanangu. Ikianguka utapoteza kazi."

Seifu hakusikiliza. Alikuwa ameona mwanamke anapita na shuka mikononi. Huyo ni Hannah, Msambaa, mwangalizi wa vyumba, mtu wa kanisa asiyeongopa hata kwa heshima ya mgeni.

"Mama! Hebu njoo. Humu ndani kitanda kipi kimelaliwa?"

Hannah akamtazama koti, akamtazama pua. "Kwani wewe ni nani wa huyu bibi?"

"Mimi ni mumewe wa jana na wa kesho."

"Na wa leo?"

"Wa leo ni huyo."

Hannah akamgeukia Abdulkadir, kama mtu anayetafuta penye akili. Akapakosa.

"Vitanda ni viwili," akasema. "Mimi natandika kimoja. Hicho cha pili, tangu waje, shuka yake haijakunjika. Na kuni naziweka kila jioni, asubuhi nazikuta vile vile, hata kibiriti hazijakiona. Nikawa najiuliza, watu wa pwani hawa, baridi yetu hawaisikii?"

Makame akatazama dari. Mwanamkuu akavuta leso ikamfunika uso.

Seifu akapiga makofi.

"Alhamdulillahi!" akapiga kelele. "Wamelala pamoja! Abdulkadir, umesikia? Kitanda kimoja! Wamelala pamoja!"

Sauti ikapita ukumbini mpaka barazani, ambako wazee wa Kizungu walikuwa wakinywa chai ya alasiri. Vikombe vikashuka. Wengi wao walikijua Kiswahili vizuri kuliko walivyopenda ijulikane.

Jamani, mmewahi kuona? Mwanamume mzima, karani, mwenye kiko, anaruka ruka kwa furaha kwamba mwenziwe kalala na yule anayemwita mkewe. Mbuzi angeona haya. Abdulkadir naye akacheka, maana bwana wake anacheka.

"Sasa mwache," Seifu akasema, anajifuta machozi.

"Nani?" akauliza Makame.

"Mke wangu! Yaani mkeo. Mwache, twende zetu."

Makame akasema polepole, "Bwana Seifu, mimi nimekaa nje ya milango ya maharusi tangu nilipoota ndevu. Mimi napuliza, wao wamo ndani. Wakishaoana naletewa chai imepoa. Leo ndiyo mara ya kwanza niko upande wa ndani wa mlango. Nawe wataka nitoke?"

"Tuliagana!"

"Tuliagana nilale chini vile vile."

Mwanamkuu akasimama. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Nisikilize, Bwana Seifu. Wewe ulinipa tatu kwa kosa la kucheka. Huyu, tangu tuje huku, kazi yake ni kunichekesha. Jana kampigia zumari ng'ombe wa Mzungu, ng'ombe akamfuata mpaka hotelini. Sijacheka hivyo tangu nivunje ungo. Kwako sirudi."

Hapo ndipo Seifu alipoacha kupiga kelele. Na mwoga akiacha kelele, jihadharini naye.

"Makame," akasema, laini kama sabuni. "Zumari yako inapulizwa kwa kibali cha nani?"

Seifu akainua kiganja chake.

"Kwa mkono huu. Usipomwacha, hupulizi Kombani, hupulizi Diani, hupulizi popote mpaka Vanga. Utamlisha nini huyo bibi wako? Upepo? Na mama yako mzee, naye atakula upepo?"

Uso wa Makame ukawa kama jivu. Maana hilo lilikuwa kweli. Hana shamba, hana chombo baharini, hana cherehani. Ana pumzi tu, na pumzi yenyewe yataka mhuri wa Seifu.

Akaenda ukutani, akaiangua zumari kwenye msumari.

"Hayo ndiyo maneno," Seifu akasema. "Ilete hapa niiweke mimi, mpaka uwe umekwisha kutamka talaka."

Makame akampita kama unavyopitwa mkungu wa ndizi sokoni. Akatoka mpaka barazani, katikati ya meza za chai. Akajaza mashavu.

Akapuliza.

Na hakupuliza wimbo wowote tu. Alipuliza ule wa kumtoa bibi harusi fungate ikishakwisha, ule unaomwambia kila jirani: njooni mwone, huyu ni mke wa mtu. Kwenye mji ambao mbwa huomba ruhusa kubweka! Sauti ikapanda juu ya vigae, ikagonga mlima, mlima ukairudisha. Wapishi wakatoka jikoni. Mzee mmoja wa Kizungu akamwaga chai yake, akasahau kukasirika. Hannah, mtu wa kanisa, akatupa shuka zake kitini akapiga vigelegele.

Mwanamkuu akatoka, leso kichwani, macho chini, kama mwari. Akasimama kando ya mumewe.

Nayo siri ya Seifu, iliyopandishwa mlima mzima isionwe na mtu, ikawa imesimama barazani inapigiwa zumari.

Lakini bado. Barabarani, mbele ya hoteli, lori la kabeji likapunguza mwendo, likasimama. Dereva akatoa kichwa.

"Lahaula! Zumari hiyo si ya Kombani?"

Huyo ni Mwinga, mtu wa Kombani hasa, ambaye kila juma hupanda huko kununua kabeji na kuziteremsha pwani. Seifu alikuwa amefikiria yote. Kabeji hakuzifikiria.

Mwinga akaingia uani anatweta. "Makame! Fundi! Umekuja kumwoza nani huku kwenye barafu?"

"Nimejioza mwenyewe, Mwinga."

"Kwa nani, mtu wangu?"

"Kwa Mwanamkuu."

Mwinga akamtazama Mwanamkuu, akamtazama Seifu ndani ya koti lake, akaunganisha mawili. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye maua ya watu.

"Mke wa karani! Na karani mwenyewe yupo, kaja kutunza maharusi! Wallahi kesho sokoni, kila anayenunua kabeji nampa na hili juu, bure."

Seifu akamvuta Abdulkadir pembeni kwa sikio.

"Lori lile lisiondoke hapa na habari hii. Umesikia?"

"Nifanyeje, Bwana?"

"Sitaki kujua utafanyaje. Fanya!"

Abdulkadir, kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze, akamrudishia Seifu kofia yake. Akazunguka nyuma ya nyumba, akapotea.

Seifu akavaa kofia, akapanda juu ya kiti. Mtu mfupi akitaka kuua hupanda kiti.

"Cheka, Mwinga, cheka! Lakini sikiliza. Huu ni mwezi wa Shaabani. Harusi zote zimepangwa sasa kabla ya Ramadhani. Huyu asipomwacha mwanamke huyu leo, sitoi kibali hata kimoja. Si yeye tu. Nyote! Hakuna ngoma, hakuna zumari, hakuna kitu. Mabibi harusi wenu watatoka kimya kimya kama maiti."

Mwinga akaacha kucheka. Akainuka, akajifuta matako. Binti yake mwenyewe alikuwa anaolewa Alhamisi. Mchele umekwisha kuchaguliwa, leso za sare zimegawiwa, watu wa Majoreni wamekwisha kupewa habari.

"Makame," akasema, na sauti si ile. "Ndugu yangu. Mwache basi."

"Mwinga?"

"Mwanamke ni mmoja. Harusi ni nyingi."

Mnaona? Ndivyo tulivyo. Haki ya jirani ni tamu sana mpaka ipite kwenye sufuria yako ya pilau. Hannah akamsonya Mwinga kwa msonyo mrefu, msonyo wa Kilutheri.

Makame akaishusha zumari. Akamtazama mkewe. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, na mpuliza zumari ambaye midomo inatetemeka hana kitu duniani.

"Siwezi kuzima ngoma ya watoto wa watu," akamwambia. "Na siwezi kukuacha. Niambie wewe."

Mwanamkuu akamsogelea. Akasimamia ncha za vidole, maana mumewe ni mrefu, akamwambia sikioni maneno machache. Yale masikio makubwa ya Makame yakasimama zaidi, kama inawezekana.

Makame akamgeukia Seifu. "Nikimwacha, utatoa vibali?"

"Vyote."

"Na mimi nitapuliza?"

"Mpaka mapafu yapasuke."

"Apa. Mwinga ni shahidi, na wewe mama Hannah."

Seifu akaapa. Aliapa wallahi, akaapa billahi, akaapa tallahi, akaapa na kwa koti.

Makame akavuta pumzi.

"Mwanamkuu binti Garama," akasema, "nimekuacha. Talaka moja."

Mwanamkuu akainamisha kichwa. Baraza lote likawa kimya, na safari hii hakikuwa kimya cha Wajerumani.

"Mmesikia!" Seifu akaruka kutoka kitini. "Kamwacha! Kwa kinywa chake!" Akakimbia mpaka kwenye gari lake, akafungua mlango kwa mbwembwe alizowaona Wazungu wakizifanya. "Ingia, mke wangu. Twende Diani."

Mwanamkuu akatembea. Akafika kwenye gari. Akalipita. Akaenda mpaka barabarani kwenye lori, akampa Mwinga, aliyekuwa amemfuata, mkono ampandishe.

"Wewe! Unakwenda wapi?"

"Nyumbani kwa mume wangu, Kombani."

"Amekuacha!"

"Kwa moja," Mwanamkuu akasema, anajipangia nafasi kati ya kabeji. "Wewe umezoea kumwaga tatu kama mtu anayemwaga maji ya vyombo, hujui moja ina nini ndani. Mke wa talaka moja hukaa eda nyumbani kwa mumewe. Na mumewe akimtaka, humrejea kwa neno. Hapiti kwa mwalimu, halipi mahari, na kibali chako hakitakiwi."

Seifu akafumbua kinywa kama changu aliyetupwa mchangani. Jambo ambalo kila kikongwe wa Msambweni alilijua kabla hajaota meno ya ukubwani, bwana mkubwa alipanda milima kuja kufundishwa kutoka juu ya kabeji.

Makame alikwisha kupanda. Akakaa karibu na Mwanamkuu, magoti yamefika masikioni.

"Nimekurejea," akamwambia.

Basi. Talaka ile iliishi muda wa mtu kupanda lori.

Mwinga, ambaye sasa harusi ya binti yake imekwisha kuapiwa, akarudiwa na ujasiri. Akapiga honi, akamuaga Seifu kwa heshima zote, "Tutaonana sokoni, Bwana!" na lori likaanza kuteremka. Zumari ikaanza tena huko juu ya kabeji. Hannah akachukua shuka moja, akawapungia.

Seifu akabaki ameshikilia mlango wa gari tupu.

"Abdulkadir!" akalia. "Abdulkadir!"

Abdulkadir akatokea jikoni, sabuni mkononi, mikono myeusi mpaka viwikoni, spana imechomoza mfukoni. Alikuwa anatabasamu. Si kila siku hupewa kazi ya akili.

"Tayari, Bwana. Nimeimaliza."

"Umemaliza nini, mjinga? Lori limeondoka!"

"Liondoke tu. Halifiki Kombani hilo. Wewe ulisema habari isishuke. Mtu mwingine angetoa upepo kwenye magurudumu, nami nikajiuliza, si watajaza tu? Nikaingia chini kabisa, nikalegeza mpira wa breki." Akafuta spana kwenye kanzu. "Kona ya kwanza breki itashika. Ya pili, sijui."

Seifu alipauka. Akatazama barabara, akamtazama Abdulkadir.

Abdulkadir akaangaza barazani. Akaona meza, akaona vikombe. Akaona kiti kimoja kitupu, na juu yake shuka za Hannah zilizobaki, na dirishani kokwa za matunda machachu.

Tabasamu likaanza kumtoka usoni, polepole, kama maji yanavyotoka kwenye chungu chenye ufa.

"Bwana," akasema. "Dada yuko wapi?"

Huko chini, kwenye kona za kuelekea Mombo, zumari ilikuwa bado inasikika. Ilikuwa inashuka upesi mno.